Wageni wa Uluguru

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya milima ya Uluguru, na mtu aliye sokoni hahitaji kugeuza shingo sana ili aione. Asubuhi vilele vya Lupanga na Bondwa huwa wazi. Adhuhuri hufunikwa na mawingu, na aghalabu ikifika jioni havionekani tena. Katika zama hizi wageni huipanda milima hiyo kwa ajili ya kutembea tu. Hutoka mjini alfajiri pamoja na kiongozi wa njia, hupita katika mashamba ya migomba na vijito vyenye mawe, hufika penye nyumba kuukuu iliyojengwa na Wajerumani, iitwayo Morningside, na wenye miguu imara huendelea hadi ndani ya msitu na juu ya Bondwa, penye mnara wa mawasiliano, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hulipa ada ya kuingia msituni, hutazama miti yenye ndevu za kuvu na maua yasiyoonekana penginepo duniani, kisha hurudi mjini wamechoka na kufurahi.

Matembezi hayo ni mema, wala hapana sababu ya kuyalaumu. Lakini njia zile hazikukatwa kwa ajili yao. Uluguru imepata wageni wa namna nyingi katika miaka mia mbili iliyopita, na kila kundi lilikuja kutafuta jambo lake. Tena mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa maji, ama kwa jina lake wazi, ama kwa jina jingine. Habari ya wageni hao ni sehemu kubwa ya habari ya milima yenyewe. Ndani yake mna swali ambalo watawala wa kila zama wamelijibu kwa namna yao na halijapata bado jawabu la kuwaridhisha wote: akaaye juu anadaiwa nini na akaaye chini, na akaaye chini anadaiwa nini na akaaye juu?

Waluguru ni watu wa mlima kwa jina lao wenyewe, maana neno lugulu katika lugha yao ni mlima. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupita juu ya nyanda za Uzaramo na Ukutu bila ya kizuizi kikubwa, kisha hugonga ubavu wa mashariki wa Uluguru, hupanda, hupoa, na kuangusha maji yake. Ndiyo sababu upande wa Matombo na Kinole hupata mvua nyingi mno, na katika miinuko mahali pengine zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali upande wa magharibi hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Maji hayo hushuka kwa mito mingi. Mvuha, Mgeta na Ngerengere yote hatimaye huingia katika Ruvu, na Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Hivyo bahari huipa milima mvua, na milima huirudishia mto.

Kaskazini ya mlango wa Ruvu, Mto Wami nao huingia baharini, na hapo pana Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopewa cheo hicho mwaka 2005. Maji ya Wami hutoka zaidi katika milima jirani ya Nguru na Ukaguru. Mgeni wa Saadani anaweza kuwatazama viboko na mamba mtoni asubuhi, akamwona tembo karibu na mchanga wa pwani ikiwa bahati yake ni njema, na jioni akaoga baharini. Kasa nao hupanda usiku kutaga mayai katika ufuko wa Madete. Ni mahali pa pekee katika Tanzania, kwa kuwa nyika na bahari zimekutana mle ndani ya mpaka mmoja wa hifadhi. Lakini mgeni huyo aliyekaa mashuani katika mto haambiwi aghalabu kwamba mto una mwanzo, na kwamba mwanzoni mwake kuna watu. Hifadhi ya taifa ina mpaka, mto hauna. Katika Uluguru jambo hili halifichiki, maana huko mgeni hupita mlangoni mwa watu kabla ya kuufikia msitu.

Wageni wa kwanza wanaostahili kutajwa walitoka pwani kwa miguu. Kusini-mashariki ya milima, mahali paitwapo Kolelo, palikuwa na pango lililoaminiwa kuwa makao ya mzimu mkubwa wa jina hilohilo, mzimu uliosemwa kuwa na umbo la nyoka. Kolelo alikuwa bwana wa mvua na rutuba. Waluguru walimheshimu, lakini sifa yake haikuishia milimani. Wazaramo wa nyanda za pwani, mvua ilipokatika na mahindi yalipoungua, waliwatuma wajumbe wao wakapanda hadi pangoni na sadaka zao, wakaeleza shida yao kwa njia ya mwangalizi wa mzimu, wakangoja jawabu. Safari ile ilikuwa ya siku nyingi, tena katika wakati wa njaa, yaani wakati ambao miguu imepungukiwa nguvu.

Imani hiyo inaweza kuchekwa na mtu wa leo mwenye bomba la maji nyumbani kwake. Hata hivyo, yafaa kuitazama kwa upande wa akili iliyokuwamo. Wazaramo walijua kuwa mvua yao na mito yao ina uhusiano na milima ile. Walijua kuwa milima ina wenyewe. Nao waliona kuwa anayetaka maji hana budi kwenda mwenyewe, kwa adabu, na mkono usio mtupu. Vile vile huko Kinole, katika ubavu wa mashariki, ukoo wa Kingalu ulishika sifa ya kuomba mvua kizazi baada ya kizazi, na watu wa mbali waliutambua. Mamlaka ya Kingalu hayakuwa ya upanga. Yalikuwa mamlaka ya mtu ambaye wengine wanamhitaji.

Mwaka 1905, ulipoanza moto wa Majimaji, jina la Kolelo lilitajwa tena. Mchungaji Martin Klamroth wa misheni ya Berlin, aliyekusanya habari za dini ya Wazaramo miaka michache baada ya vita, aliandika jinsi ilivyonenwa miongoni mwao kuwa Kolelo amekataza watu wasilipe tena kodi kwa wageni. Njia ile ile iliyopitisha maombi ya mvua ikapitisha neno la uasi. Serikali ya Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, ilijifunza kwamba watu wa pwani na watu wa mlimani walikuwa wakizungumza muda mrefu kabla ya kuwako simu.

Wageni wa pili walikuwa watu wa misafara, na hao hawakupanda. Waliizunguka milima. Richard Burton na John Speke walipita kusini-mashariki yake mwaka 1857 na kukaa Zungomero, kituo cha misafara katika nchi ya Wakutu. Wengine walipita kaskazini, mahali ambapo sasa pana mji wa Morogoro. Hapo Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, alikuwa amejijengea mji wenye ukuta wa mawe na minara, akawa anatoza ushuru misafara na kuwateka watu wa jirani. Waluguru waliokuwa karibu naye walijua dawa ya mambo hayo: walihamia juu zaidi. Kwa hiyo baadhi ya mashamba yaliyo katika miteremko mikali, ambayo baadaye yaliwashangaza mabwana shamba, yalianza kwa sababu watu walichagua mteremko mkali kuliko mnyororo.

Henry Stanley aliufikia mji huo mwaka 1871, akaukuta ukitawaliwa na binti wa Kisabengo na ukijulikana kwa jina la Simbamwene. Aliusifu kuta zake, akakisia wakazi wake kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Mwaka uliofuata, alipokuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, aliona jambo jingine kabisa. Mvua kubwa za Aprili 1872, katika majira yale yale ambayo tufani iliivunja Unguja, zilikuwa zimeijaza Ngerengere hata ikapasua ukuta wa mji na kuchukua nyumba pamoja na vijiji vingi vya kando ya mto. Mji ambao hakuna adui aliyethubutu kuushambulia uliingiliwa na maji yatokayo mlimani. Simbamwene haukurudia nguvu yake ya zamani. Jina lake lingali linatajwa Morogoro, lakini kuta zimekwisha.

Baada ya hapo wageni walikuja kwa wingi zaidi. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, waliotangulia kukaa Bagamoyo, walianzisha misheni ya Morogoro mwaka 1882 na ya Matombo mwaka 1897. Mwaka 1894 Franz Stuhlmann, mtu wa sayansi katika utumishi wa Wajerumani, alipanda hadi uwanda wa juu wa Lukwangule, akakusanya mimea na kuandika habari za nchi ile. Reli kutoka Dar es Salaam iliingia Morogoro mwaka 1907. Na mwaka 1909 Serikali ya Kijerumani iliitenga misitu ya juu ya Uluguru kuwa misitu ya hifadhi.

Tendo hilo la 1909 yafaa kutuliwa kidogo. Kabla yake ilikuwako misitu iliyokatazwa, lakini makatazo yake yalikuwa ya mizimu na makaburi: mahali fulani hapalimwi kwa sababu wamelala wazee wa ukoo fulani, na mwenye kulijua hilo ni ukoo wenyewe. Mpaka wa Wadachi ulikuwa wa namna nyingine. Ulitwaa msitu wote wa juu kwa pamoja, haukuuliza ni wa ukoo gani, na mlinzi wake hakuwa mzee bali askari wa misitu. Waingereza, walioingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916 wakimfuata von Lettow-Vorbeck, waliurithi mpaka huo wala hawakuufuta. Serikali huru nayo ikaurithi kwa Waingereza. Katika mambo yote yaliyofanywa na Wajerumani huko, huenda mstari ule usioonekana ndio uliodumu kuliko reli, maana reli imepata ya pili kando yake, ilhali mstari ule ndio msingi wa hifadhi mpaka hivi leo.

Kwa upande wa elimu, mpaka huo umehifadhi hazina. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyetumikia idara ya wanyama ya Tanganyika kabla ya kwenda Marekani, alikusanya huko ndege na vyura na vinyonga. Chozi mmoja wa Uluguru amepewa jina lake. Katika safari yake ya 1926 alipatikana ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, aliyeelezwa rasmi kwa sayansi mwaka 1927, na mpaka leo hajulikani kuishi mahali pengine popote ila Uluguru. Wako pia vyura wadogo wasiotaga mayai bali huzaa watoto wao wakiwa hai, na mimea zaidi ya mia isiyo na ndugu nje ya milima hii. Milima ya namna hiyo hukaa kama visiwa. Msitu wake umetengana na misitu mingine kwa muda mrefu mno hata viumbe vyake vikashika njia yao wenyewe.

Tatizo ni kwamba nje ya mstari watu waliongezeka. Mlima una kimo, hauna upana. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata upande wa mama: ukoo huitwa lukolo, na tawi lake lenye kushika ardhi huitwa tombo, yaani ziwa la mama. Mtu asiye wa tombo aliweza kupewa shamba akilitolea ngoto, ada ndogo ya kukiri kuwa ardhi ina mwenyewe. Desturi hiyo iliwapa watu wengi chakula bila ya kuwapa wote umilki, nayo ilihitaji jambo moja tu: lisifanyike shambani lolote la kudumu ambalo lingemfanya mpangaji aseme, hapa ni pangu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili maofisa wa Kiingereza walitazama mito ya Uluguru, wakaona imekuwa myekundu kwa udongo. Hawakukosea macho. Msitu ulikuwa umepungua, moto ulipita vilimani kila kiangazi, na mahindi na mpunga wa mlimani vililimwa katika miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuisimamia. Chini yake kulikuwa na mashamba ya mkonge yaliyohitaji maji, na mbali zaidi ulikuwako mji wa Dar es Salaam uliokuwa ukikua. Mwaka 1950 ukaanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Kila mwenye nguvu alitakiwa kuchimba matuta ya ngazi katika shamba lake. Alikatazwa kuchoma majani, kulima kandokando ya vijito, na kulima miteremko iliyopita kiasi. Aliyekaidi alishtakiwa mbele ya baraza la wenyeji na kutozwa faini.

Amri hizo zilipitia katika serikali ya wenyeji, ambayo wakati huo kichwa chake kilikuwa Sultani Sabu bin Sabu. Waingereza walitaka sultani mmoja kwa nchi ambayo asili yake ilikuwa ya koo nyingi zisizotawaliana. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu aliyetoa amri ya matuta hakuwa na haki ya ardhi katika macho ya walioamriwa, na waliokuwa na haki hiyo, yaani wakuu wa koo, hawakuulizwa ipasavyo.

Kazi ya matuta ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana katika karatasi. Kuchimba ngazi katika ubavu wa mlima ni kuhamisha ubavu wenyewe kwa jembe la mkono. Watu walitumia siku kadhaa za juma kwa kazi hiyo, nazo ni siku zilizotolewa katika palizi na mavuno. Lililokuwa baya zaidi ni kwamba katika sehemu nyingi za mashariki udongo mzuri ni mwembamba sana. Ngazi inapokatwa, udongo wa juu hufukiwa na ule mwekundu usio na rutuba hufunuliwa. Wakulima walipanda katika matuta mapya wakavuna kidogo kuliko walivyovuna mteremkoni. Mwanamke aliyekuwa akilisha watoto kwa shamba moja hakuhitaji cheti cha kilimo ili kuona tofauti hiyo. Na penye ngoto kulikuwa na hofu nyingine: tuta ni kitu cha kudumu. Mpangaji akilichimba kwa miaka mitano, nani atamwondoa? Kwa hiyo mwenye ardhi aliogopa matuta kwa sababu yanaweza kumpokonya ardhi, na mpangaji aliyachukia kwa sababu alichimba katika ardhi isiyo yake. Ni nadra sheria moja kuwaudhi watu wawili wenye maslahi ya kupingana, lakini sheria hii iliweza.

Manung'uniko yalianza kwa ukimya, kama yaanzavyo mara nyingi vijijini. Watu walichimba matuta mafupi kando ya njia apitapo bwana shamba, wakaacha mengine. Kisha wakaacha kabisa. Mwezi wa Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo mbele ya Sultani na maofisa wa Serikali. Maneno yaligeuka kuwa mawe; polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akafa.

Serikali ilikuwa tayari kuona mkono wa TANU katika jambo hilo, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Ni kweli kwamba chama kilipata masikio mapya milimani baada ya Matombo. Hata hivyo, Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochunguza habari hizo na kuchapisha kitabu chao mwaka 1960, walionyesha kuwa mizizi ya ghasia ilikuwa katika ardhi na koo na namna ya kutawala. Lau kusingekuwako chama chochote, mteremko wa Matombo ungebaki mwembamba wa udongo vile vile. Mpango wa amri uliachwa. Matuta yalibomoka mengi, na katika kumbukumbu za watu neno matuta likabaki na ladha ya faini.

Haitoshi kusema kuwa Waingereza walikuwa wakali na Waluguru walikuwa mashujaa. Maofisa walisema kweli juu ya udongo, na wakulima walisema kweli juu ya matuta. Lililokosekana ni hesabu ya mwenye kulipa. Mto Ruvu ulihitajiwa na mkonge na jiji. Gharama ya kuulinda iliwekwa yote juu ya mgongo wa mtu ambaye hakuwa na mkonge wala hakuishi jijini, naye akaambiwa ni kwa manufaa yake mwenyewe. Wazaramo wa zamani walipohitaji maji walipanda na sadaka. Serikali ya 1950 ilipanda na hati ya mashtaka.

Udongo haukungoja siasa zitulie. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache iliinyea nchi ya Mgeta, upande wa magharibi, na miteremko ikaporomoka katika mahali zaidi ya elfu moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa wakishirikiana na wenzao wa Uppsala waliyahesabu na kuyapima maporomoko hayo. Karibu yote yalitokea katika mashamba na katika nyasi. Yaliyotokea ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Hapo mizizi ilitoa ushahidi ambao bwana shamba alishindwa kuutoa.

Msitu wenyewe uliendelea kupungua. Mwaka 1955 ulikuwa kiasi cha kilomita za mraba 300. Mwishoni mwa karne ulikuwa umekaribia 230. Upotevu uliotia uchungu zaidi ulikuwa pale Bunduki, penye bonde baina ya Uluguru ya kaskazini na ya kusini. Katika miaka ya 1950 miti iliunganisha bado pande hizo mbili, hata ndege na mbega wakaweza kuvuka. Baadaye mashamba yalikutana katikati, na kisiwa kimoja kikawa viwili. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na ya Bunduki iliunganishwa kwa sheria kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye hekta zaidi ya 24,000. Sheria inaweza kuunganisha kwa siku moja yaliyotengana. Miti huchukua muda wake. Hifadhi hiyo ndiyo inayompokea mgeni wa leo na kumpa kibali cha kuifikia Bondwa au Lupanga, au Kimhandu huko kusini, kilele kinachopita mita 2,600, ambako wafikao ni wachache kwa sababu ya umbali na utelezi.

Wakati huohuo ulifanywa mkataba ambao wazee wa 1955 wangeutazama kwa mshangao. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango huko Kibungo, katika upande ule ule wa mashariki, wa kuwalipa wakulima kwa ajili ya kutunza chanzo cha maji. Walipaji walikuwa miongoni mwa watumiaji wa maji wa Dar es Salaam: shirika la maji la jiji na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola Kwanza. Na wakulima walilipwa kwa kazi gani? Kwa kupanda miti na majani ya kuzuia udongo, kwa kutumia samadi, na kwa kuchimba matuta ya ngazi. Jembe lilikuwa lile lile na mteremko ulikuwa ule ule. Walioyachimba wengi walikuwa wajukuu wa wale waliotozwa faini, nao mara hii waliyachimba kwa hiari, wakijua kiasi watakachopewa kwa ukubwa wa shamba walilolitengeneza.

Malipo hayo yalikuwa madogo, na mpango wa namna hiyo hutegemea mfuko wa wafadhili, ambao nao una majira yake. Vijiji vilivyohusika vilikuwa vichache miongoni mwa vijiji vingi vya milima. Thamani yake ni kwamba ulikubali, kwa maandishi na kwa fedha, kuwa maji ya Ruvu hufanyiwa kazi na watu kabla hayajafika bombani. Ada ya mtalii pale mlangoni mwa hifadhi haikiri jambo hilo. Hiyo ni bei ya kuuona msitu. Mtu wa Ilala au Kinondoni anayefungua bomba lake hajapata kuuona, na huenda hatauona kamwe, naye ndiye mgeni mkubwa kuliko wote wa Uluguru, aliyepo huko kila siku kwa kinywa chake ingawa mguu wake haujafika.

Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kulipa jiji maji mwaka 1959, miaka minne tu baada ya Matombo, na wa Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976. Mwezi wa Oktoba 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ikapungua, na Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu. Mwaka 2023 kazi ya kujenga bwawa ilianza Kidunda, katika Wilaya ya Morogoro, ili maji ya masika yahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi cha jiji. Bwawa hilo litapokea maji yashukayo kutoka Matombo, Kibungo na Mgeta, pamoja na udongo wote utakaoshuka nayo.